Kuhamisha mti wa ukoo kutoka tovuti moja hadi nyingine

Kwanza chagua mti mmoja uwe mti mama. Masahihisho yote yaingie humo, na miti ya tovuti nyingine ibaki nakala tu. Nakala haijisasishi: ukimwongeza shangazi kwenye tovuti ya Ancestry leo, tovuti ya MyHeritage haina habari. Ndiyo maana wengi huishia na miti mitatu inayopingana.

Kinachohamishwa ni faili ya GEDCOM, yaani aina ya faili ya ukoo inayosomwa na tovuti nyingi, inayoishia na .ged. Kwa Ancestry, tumia kompyuta: fungua mti, nenda kwenye mipangilio yake, bonyeza "Export tree", kisha pakua. Picha hazimo, faili hiyo ni maandishi matupu. Picha na vyeti vipakue kando.

Usiipakie kwingine bado. Ifungue kwanza kwa Gramps, programu ya bure, au hata Notepad. Utakuta mistari kama huu:

1 NAME Asha /Juma/

Neno lililo kati ya mikwaju ndilo tovuti inalolihesabu kuwa jina la ukoo, na hapa ndipo miti yetu huharibika. Baba ni Juma Salim, binti ni Asha Juma. Lakini tovuti nyingi huamini mtoto hurithi jina la mwisho la baba, hivyo ukimwongeza Asha tovuti humjazia "Salim". Futa, andika Juma. Kama ukoo wenu hutumia majina matatu, sawa, ila mtindo uwe mmoja mti mzima. Mke aandikwe kwa jina la kwao.

Mwenye wake wawili awekewe ndoa mbili, kila mtoto chini ya mama yake. Ukiacha wazi, wote wanaweza kujikuta kwa mke mmoja. "Enzi za Mjerumani" iende kwenye maelezo; penye tarehe andika ABT 1910, yaani takriban.

Walio hai waondoe au wafiche kabla ya kupakia popote.

Tovuti ya FamilySearch ni kesi nyingine: ule ni mti mmoja wa dunia nzima, na marehemu wako anaweza kuhaririwa na mtu usiyemjua. Ukipakia faili huko, linganisha jina moja moja kabla ya kuwaingiza kwenye mti huo. Ukiwaingiza wote kwa pupa, babu mmoja atatokea mara nne, na kuwaunganisha tena ni kazi ya wiki.

Kama lengo ni ndugu waone tu, faili ya nini? Watumie mwaliko wa mti mama, wape ruhusa ya kutazama. Ya kuhariri mpe mmoja au wawili wanaojua kutunza kumbukumbu.