Jinsi ya kulinganisha hedifoni kubwa utakazotembea nazo

Natengeneza vyombo vya sauti Mwembe Tayari, Mombasa, na kila siku navuka Likoni kwa feri. Hedifoni zinazofunika sikio zima usizipime kwa utulivu wa dukani. Zipime kwa simu yako na mahali utakaposikilizia.

1. Tazama mgongo wa kikombe. Ukiona wavu au matundu, hiyo ni ya mgongo wazi. Sennheiser HD 600 ni ya namna hiyo: usiku nyumbani, fidla na ganuni zinakuwa kama zimo chumbani. Kwenye feri kelele zote zinaingia, nawe utapandisha sauti hadi uyaumize masikio. Kwa safari, chukua ya mgongo uliofungwa.

2. Soma omu, yaani kipimo cha jinsi hedifoni inavyoupinga umeme. Beyerdynamic DT 770 Pro huuzwa za omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinakaribia kufanana. Huletewa ya 250 nikiambiwa imekufa, kumbe ni nzima. Simu haina volti za kuisukuma bila amplifaya. Tazama pia desibeli kwa miliwati, yaani sauti inayotoka kwa umeme mdogo: zikiwa nyingi, simu haihangaiki. Sony MDR-7506 ina omu 63 na bado huimba vizuri kwa simu.

3. Sawazisha sauti. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hedifoni yenye sauti ya juu kidogo tu hulidanganya sikio. Utadhani ina besi nzito na uwazi zaidi. Cheza kipande kilekile cha taarab, cha dakika moja hivi. Sikiliza mwimbaji peke yake, kisha punguza ile yenye sauti ya juu mpaka sauti yake ilingane kwenye zote mbili. Andika kila moja imesimama wapi kwenye simu. Sasa ndipo ulinganishe, swali moja kwa wakati. Uzi wa udi ukipigwa, unausikia mguso kwanza halafu mlio, au donge moja? Besi inamfunika mwimbaji? Kesho yake rudia, ukianza na ile iliyokuwa ya pili. Mimi hubadili mawazo mara nyingi siku hiyo ya pili, na naiamini zaidi.

4. Vaa dakika 40. Kwa joto letu, sponji za ngozi bandia hulowa jasho na baadaye hubanduka. Za kitambaa zina nafuu, ila kwa kawaida hazizuii kelele kama za ngozi bandia. Mwenye miwani au mtandio ajaribu navyo: pengo dogo kando ya sikio huimwaga besi yote.

5. Kagua waya. Nyingi ninazofungua zimekatika karibu na plagi. Waya wa Audio-Technica ATH-M50x huchomoka, unabadilisha mwenyewe. Wa MDR-7506 hauchomoki, tena umejisokota na ni mzito mfukoni. Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji adapta. Nenda nayo dukani, maana hiyo ndiyo itakayoisukuma hedifoni yako.