Punguzo la wazee kwenye gofu: ukishauliza umri, uliza na siku

Marekani haina umri mmoja wa kuitwa mzee uwanjani. Uwanja mmoja huanza na miaka 55, mwingine 60, 62 au 65, hata kama viko mji mmoja. Kabla ya kuweka nafasi, piga simu uulize umri, siku, saa, na kama lazima uwe mkazi. Siku ndizo huwakwamisha wengi: mara nyingi punguzo ni la katikati ya wiki tu, na wikendi unalipa kamili. Tena huenda likagusa ada ya uwanja peke yake, kigari cha kuzungukia uwanja kikabaki bei ileile. Beba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa.

Palipo na kadi ya mwaka, piga hesabu kwanza. Kadi ya dola 50 inayokupunguzia dola 10 kila raundi hurudisha pesa yake kwenye raundi ya tano. Faida huanza ya sita.

Klabu za wanachama ni habari nyingine. Nyingi hutazama pia miaka ya uanachama, kwa hiyo aliyejiunga juzi akiwa na miaka 66 anaweza kuendelea kulipa ada kamili. Omba kwa maandishi kabla ankara ya mwaka haijatoka.

Mashindano nayo yana umri wake: U.S. Senior Open huanzia miaka 50, U.S. Senior Amateur (ya wachezaji wa ridhaa) 55, na ile ya wanawake wa ridhaa 50. Kupata punguzo uwanjani hakukupi sifa ya kuingia huko.