Montepulciano: Namna ya Kuonja Mvinyo na Kuufahamu Mji wa Kilimani

Montepulciano ni mji mdogo uliokaa juu ya mgongo wa kilima kusini mwa Toscana, nchini Italia, katika jimbo la Siena, kwenye kimo cha takribani mita 605 kutoka usawa wa bahari, ukiwa umezungukwa na mashamba ya mizabibu na mizeituni. Wageni wengi hupandishwa huko asubuhi kwa mabasi ya watalii, huonja mvinyo katika maduka manne au matano mfululizo, hupiga picha uwanjani, na huondoka kabla jua halijazama, bila kuweza kueleza bilauri ya kwanza ilitofautianaje na ya mwisho. Anayetaka kufaidi mji huu hana budi kwenda kinyume cha hapo: alale mjini japo usiku mmoja, asiingie katika maghala zaidi ya mawili kwa siku, na aonje kidogo kidogo, tena pamoja na chakula, kwa sababu mvinyo wa hapa tangu zamani ni mvinyo wa mezani.

Kabla ya safari, ondoa mkanganyiko mmoja wa majina. Ipo aina ya zabibu inayoitwa Montepulciano, ambayo hulimwa sana Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki, na mvinyo wake huuzwa kwa jina la Montepulciano d'Abruzzo. Mvinyo huo hautoki katika mji huu wala hautokani na zabibu za hapa. Mvinyo wa mji ni Vino Nobile di Montepulciano, unaotengenezwa kwa zabibu za Sangiovese, ambazo wenyeji huziita Prugnolo Gentile, kwa kiwango kisichopungua asilimia 70, na sehemu inayobaki hujazwa na zabibu nyingine, zikiwemo Canaiolo, Colorino na Mammolo. Kanuni zinautaka ukomae kwa miaka miwili kabla ya kuuzwa, na mitatu ukiitwa Riserva. Mwaka 1980 ulikuwa miongoni mwa mivinyo ya kwanza kupewa daraja la DOCG, ambalo ndilo la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia; ndiyo maana shingoni mwa kila chupa utaona ukanda wa karatasi wenye namba ya serikali. Mdogo wake ni Rosso di Montepulciano, unaotoka katika eneo hilohilo, hukomazwa kwa muda mfupi zaidi, na bei yake ni nafuu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, na maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Ukishafika Italia, panda treni ya njia ya Roma na Firenze ushuke Chiusi-Chianciano Terme, kisha uchukue basi la kupanda mjini. Ipo stesheni yenye jina la Montepulciano, lakini iko bondeni, mbali na mji wenyewe, kwa hiyo jina lisikudanganye. Ukienda kwa gari la kukodi, liegeshe nje ya kuta, kwa kuwa ndani ni eneo la ZTL, yaani lisiloruhusu magari yasiyo na kibali, ambako kamera husoma namba za magari yasiyo na kibali na faini humfuata mwenye gari hata akiwa amesharudi kwao. Kumbuka pia kwamba sheria ya Italia inamruhusu dereva gramu 0.5 tu za kileo kwa lita moja ya damu, na asiyetimiza miaka mitatu tangu apate leseni haruhusiwi hata tone. Katika kundi lenu, basi, dereva ajulikane mapema.

Mji wenyewe usomwe kwa miguu, kutoka chini kwenda juu. Anzia lango la Porta al Prato, ambapo karibu yake imesimama nguzo yenye simba aitwaye Marzocco, alama ya utawala wa Firenze, kisha fuata barabara kuu iitwayo Corso, ambayo hubadilisha majina njiani na haiachi kupanda. Usipite haraka mbele ya jumba la Bucelli: sehemu ya chini ya ukuta wake imepachikwa vipande vya mawe vyenye michoro na maandishi, vikiwemo vya makaburi ya Waetruski, watu waliokaa nchi hii kabla ya Warumi, na unaweza kuvitazama kwa karibu, ukisimama barabarani bila kulipa chochote. Mbele kidogo upo mnara ambao juu yake sanamu ya Pulcinella, mcheshi wa michezo ya kuigiza ya Napoli, hugonga kengele ya saa. Ukichoka, Caffè Poliziano imekuwepo tangu 1868. Kahawa ya kunywa wima kaunta huwa na bei ndogo kuliko ya kuketi mezani, na hilo ni la kawaida karibu kote Italia.

Juu kabisa ni Piazza Grande. Hapo lipo jengo la halmashauri, lenye mnara unaofanana na ule wa Palazzo Vecchio wa Firenze. Kipo kisima cha mwaka 1520 kilichopambwa kwa simba wa Firenze na wanyama wa hekaya wenye mabawa, ambao ni nembo ya mji. Na lipo kanisa kuu ambalo uso wake wa mbele haukumalizwa, umeachwa matofali matupu mpaka leo. Wengi huutazama ukuta huo wakageuka kurudi. Ingia ndani, kwa sababu juu ya altare kuu ipo picha kubwa ya kupalizwa kwa Bikira Maria, iliyochorwa na Taddeo di Bartolo mwaka 1401, na rangi yake ya dhahabu inajieleza yenyewe. Panga ziara hii asubuhi, maana maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa saba mchana hadi saa tisa na nusu au saa kumi.

Sasa tuje kwenye mvinyo. Maghala ya kale, ambayo kila moja huitwa cantina, yamechimbwa chini ya majumba ya matajiri wa zamani. La Contucci liko palepale Piazza Grande. La De' Ricci lina kuta na matao marefu ya matofali kama ya kanisa. Na la Talosa lina kaburi la Waetruski ndani yake. Unaposhuka ngazi, joto la barabarani linakatika ghafla, hewa inakuwa baridi yenye unyevu na harufu ya mbao iliyolowa, na pande zote yamepangwa mapipa ya mwaloni, baadhi yakimzidi mtu kwa kimo. Chukua sweta hata mwezi wa Julai. Baadhi ya maghala ya mjini hupokea wageni bila miadi, lakini ni adabu, na ni salama zaidi, kuandika barua pepe siku chache kabla. Kwa mashamba yaliyo nje ya mji miadi ni lazima, hasa mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati Sangiovese inapovunwa na kila mkono una kazi. Anayependa kulinganisha wazalishaji wengi mahali pamoja aende Enoliteca ya umoja wa wazalishaji, iliyo ndani ya ngome ya zamani, Fortezza.

Mwenyeji atakumiminia kidogo, pengine vidole viwili tu, na huo si ubahili. Shika bilauri kwa mguu wake ili kiganja kisiupashe mvinyo joto, uiinamishe juu ya karatasi nyeupe, na utazame kingo: Nobile changa ni nyekundu ya kung'aa, na kadiri miaka inavyopita ukingo huelekea rangi ya tofali. Nusa mara moja bilauri ikiwa imetulia, kisha uizungushe na unuse tena, nawe utaona kwamba harufu ya pili imefunguka zaidi, ikiwa na cheri, plamu, maua ya urujuani, na katika mvinyo uliokaa muda mrefu, ngozi na tumbaku. Ndipo upige funda dogo na kulizungusha mdomoni kabla ya kumeza. Aliyezoea mvinyo mtamu, uwe wa Dodoma au wa Afrika Kusini, atashtuka kidogo, kwa sababu mvinyo huu hauna utamu wa sukari na huacha ukakasi kwenye fizi unaofanana na ule wa bibo. Ukakasi huo hutokana na tanini za maganda na mbegu za zabibu, na si kasoro. Ule uchachu unaokujaza mate ndio unaofanya kipande cha nyama kinachofuata kiwe kitamu zaidi.

Anza na Rosso, kisha Nobile, kisha Riserva, na mvinyo mtamu uwe wa mwisho. Chombo cha kutemea kilicho mezani kipo kwa ajili yako, na kukitumia hakumvunjii mwenyeji heshima hata kidogo. Wataalamu wote hutema. Usijipulizie manukato siku hiyo, kwa kuwa utawaharibia harufu wenzako. Swali linalofungua mazungumzo kuliko yote ni kuhusu mapipa: mapipa makubwa ya kale huuacha mvinyo uhifadhi ladha ya zabibu, ilhali mapipa madogo mapya huongeza harufu ya vanila na moshi, na kila mzalishaji ana msimamo wake na yuko tayari kuutetea. Ikiwezekana, omba kuonja miaka miwili tofauti bega kwa bega, kwa mfano 2017, mwaka wa jua kali na ukame, dhidi ya mwaka uliokuwa na mvua zaidi. Kwa maoni yangu zoezi hilo linafundisha kuliko kulipia Riserva ya gharama, ambayo mara nyingi husifiwa kupita kiasi.

Vin Santo ndio mvinyo mtamu wa hapa. Zabibu hukaushwa kwanza kwa miezi kadhaa, hukamuliwa, na maji yake hufungiwa katika vipipa vidogo kwa miaka. Ule unaoitwa Occhio di Pernice hukaa isiyopungua minane, ndiyo sababu huuzwa ghali katika chupa ndogo.

Asiyekunywa pombe, kwa dini au kwa hiari, asijione amekosea njia. Maghala hutembelewa bila kuonja, mafuta mapya ya mizeituni ya mwezi Novemba huonjwa kwa makini yaleyale, na jibini ya maziwa ya kondoo ya Pienza, mji jirani, inatosha kuwa sababu ya safari. Achunguze tu sahani za nyama baridi, kwani karibu zote ni za nguruwe.

Mezani, agiza pici, tambi nene zinazofinyangwa kwa mkono kutokana na unga na maji, zenye mchuzi wa aglione, kitunguu saumu kikubwa na kipole cha bonde la Chiana. Mkate utauona umepooza, kwa sababu watu wa Toscana huuoka bila chumvi. Ukiula pamoja na jibini au nyama yenye chumvi, utaeleweka. Nyama ya ng'ombe wa Chianina huuzwa kwa uzito na huletwa ikiwa nyekundu ndani. Sisi tuliozoea nyama choma iliyoiva barabara tunaweza kuiona mbichi, lakini kuirudisha jikoni iendelee kuchomwa ni kumsikitisha mpishi na kuiharibu nyama. Heri kuagiza kitu kingine. Katika hesabu ya mwisho utakuta euro chache za coperto, yaani malipo ya kuketi na mkate, nazo si ulaghai.

Ukiweza kuchagua tarehe, chagua Jumapili ya mwisho ya Agosti. Siku hiyo mitaa minane ya mji, inayoitwa contrade, hushindana katika Bravio delle Botti, ambapo wanaume wawili wa kila mtaa husukuma pipa lenye uzito wa takribani kilo 80 kwenye mpando wote, kutoka nguzo ya Marzocco hadi mbele ya kanisa kuu, na tuzo yao ni kitambaa kilichochorwa. Mashindano ya mapipa yalianza 1974, yakichukua nafasi ya mbio za farasi za zamani. Majuma yanayotangulia, wasukumaji hufanya mazoezi jioni, nawe utasikia pipa likinguruma juu ya mawe kabla ya kuliona. Jibanze ukutani na uwapishe. Wiki hiyo contrade hupika na kukaribisha watu kwenye meza ndefu. Nunua tiketi, keti na wenyeji, na salamu yako ya «Buonasera» itangulie kila ombi.

Katika kununua, kumbuka kwamba ulichoonja ndicho unachopaswa kubeba. Rosso inywewe mapema. Nobile ya mwaka mzuri huweza kukaa miaka kumi, ikilazwa mahali pa baridi pasipo na mwanga, jambo ambalo nyumba nyingi za Dar es Salaam au Mombasa haziwezi kulitimiza bila jokofu, kwa hiyo usinunue chupa za kuweka kama huna pa kuziweka. Katika viwanja vingi vya ndege chupa hazipiti kwenye mzigo wa mkononi, isipokuwa zile za dukani baada ya ukaguzi. Zifunge kwa nguo katikati ya sanduku, na uulize mapema forodha ya nchi yako inaruhusu lita ngapi bila ushuru.