Kuijua Komoro: anza na mji, marais baadaye

Jamaa wa Unguja na Dar wanaokwenda Komoro kwa biashara au harusi hunipitia kwanza, kwa kuwa bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Iconi, kisiwani Ngazija. Wengi wameshasoma habari za mapinduzi ya kule na wanataka niwapangie marais kwa miaka yao. Nawaambia wasubiri. Serikali ya Komoro imeangushwa na kuundwa upya mara nyingi tangu uhuru, lakini miji yake haijaanguka, na asiyeujua mji ataisoma historia ya nchi ile bila kuiona inavyoshikana.

Kwa hiyo ukishatua Hahaya na kupumzika, teremka Moroni hadi mji wa kale, mtaa wa Badjanani, ulipo Msikiti wa Ijumaa wa zamani unaotazama bandari. Asili yake inatajwa kuwa ni mwaka 1427. Kutoka hapo ulizia bangwe, yaani uwanja wenye mabaraza ya mawe ambako wanaume huzungumza, hucheza bao na domino, na huamua mambo ya mji. Nenda baada ya alasiri. Usijikalie tu popote, maana mabaraza yale yana wenyewe na kila rika lina nafasi yake. Simama, toa salamu, ngoja uonyeshwe pa kukaa. Ukiwa mdogo kwa umri, mwamkie mkubwa "kwezi", naye atakujibu "mbona", kama shikamoo na marahaba zetu. Kiswahili chako kitafahamika kwa wengi, kwa kuwa Wakomoro huja Dar kutibiwa na kununua bidhaa Kariakoo, lakini wakizungumza wenyewe kwa wenyewe usijifanye umeelewa kila kitu. Uliza. Wanapenda kuulizwa.

Jambo la kwanza la kuuliza ni nani hapo ameshafanya anda.

Anda ni ndoa kuu, na kwa upande wa Ngazija ndiyo darasa lenyewe. Mtu anaweza kuwa ameoa siku nyingi, ana watoto na hata wajukuu, ila ndoa kuu bado inamsubiri. Siku ikifika hutoa dhahabu kwa bibi harusi, huchinja ng'ombe, huulisha mji mzima na hugawa fedha kwa marika kwa utaratibu ambao wazee wanaukumbuka kwa kichwa. Sherehe huchukua siku nyingi, na akiba yake mara nyingi ni ya miaka ya kazi huko Ufaransa, hasa Marseille. Akimaliza, anahesabiwa mtu mzima wa mji: huvaa mharuma begani, hukaa mbele msikitini, na neno lake bangweni lina uzito. Asiyefanya hubaki mtoto wa mji, hata akiwa waziri.

Katika harusi moja Iconi nilimwona mzee wa ndevu nyeupe, mwalimu mstaafu, akibeba sinia za pilau pamoja na vijana wa kuhudumia. Mbele yake, kwenye zulia, ameketi kijana ambaye mzee yule angeweza kumfundisha kusoma, mharuma umepangwa vizuri begani, na wote wamenyamaza wanamsikiliza. Mzee hakuonyesha unyonge wowote. Aliniambia mwanawe aliyeko Marseille ameanza kukusanya, inshallah zamu yake itafika.

Gharama ya anda naiona ni mzigo mkubwa mno, na nawaambia ndugu zangu hivyo. Lakini kabla hujailaumu, uliza pia michango inayopitia humo humo imejenga nini. Msikiti, skuli, barabara ya kuingia kijijini, tangi la maji: mambo ambayo serikali ilishindwa kuyafanya, mji uliyafanya kwa mfuko wa anda na fedha za walioko ughaibuni.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, fahamu nyumba ni ya mke. Baba na kaka humjengea binti, mume ndiye anayehamia, na ndoa ikivunjika yeye ndiye anayetoka na sanduku lake. Iko pia ardhi ya manyahuli, inayorithiwa upande wa mama na isiyogawanywa ovyo, katika jamii ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Ndiyo maana mimi niliyezaliwa Unguja nikifika Iconi nahesabiwa mtoto wa nyumba: nimetoka kwa mama. Shukrani za chakula mpelekee mwenye nyumba, mwanamke.

Sasa fungua historia, na uisome kisiwa kwa kisiwa, kwa kuwa Ufaransa nayo iliingia hivyo hivyo. Maore (Mayotte) ilichukuliwa 1841; Ngazija, Nzwani (Anjouan) na Mwali (Mohéli) zikawekwa chini ya himaya mwaka 1886. Ngazija, Mfaransa Léon Humblot aliingia mkataba na Sultani Said Ali mwaka 1885, na kampuni yake ikaja kumiliki sehemu kubwa sana ya kisiwa. Mwaka 1912 visiwa vikaunganishwa na Madagaska. Ya kabla ya hayo yote yako Iconi: panda ukaone jabali ambako wanawake wa mji walijitupa baharini wasichukuliwe utumwani na wavamizi waliotoka Madagaska. Nenda na mwenyeji, na umwache asimulie kwa mwendo wake.

Bendera itakufundisha yaliyobaki. Ina milia minne na nyota nne, na nyota moja ni ya Maore. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa kwa jumla vilichagua uhuru kwa karibu asilimia 95, lakini Maore wengi walikataa. Ahmed Abdallah, rais wa kwanza, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ikabaki Maore, na tangu 2011 kisiwa hicho ni mkoa wake kamili. Mwaka 1995 iliwekwa viza, na watu wa Nzwani, walio umbali wa kama kilomita 70, wakaanza kuvuka kwa siri kwa vidau vinavyoitwa kwassa-kwassa. Maelfu wamekufa maji. Kwa hiyo ukiwa Nzwani usilianzishe suala la Maore kama mjadala wa siasa. Uliza kwanza kama mwenyeji wako ana ndugu upande ule.

Hapo ndipo marais watakapokuingia akilini. Ali Soilih, aliyetawala hadi 1978, alitaka kuifuta anda, akawapa vijana madaraka juu ya wazee, na nyaraka za serikali zikachomwa. Mei 1978 mamluki wa Kifaransa Bob Denard alimpindua. Anda ikarudi mara moja. Wapo wazee wanaomlaani Ali Soilih hadi leo, na wapo wanaosema ndiye pekee aliyemjali mkulima. Wasikilize wote wawili. Ulizia pia Wasabena, Wakomoro walionusurika mauaji ya Mahajanga, Madagaska, mwishoni mwa 1976 na kurudishwa kwa ndege za Sabena, shirika la Ubelgiji, jina likawaganda.

Mtanzania ana la ziada la kujua. Chama cha ukombozi cha MOLINACO kilianzishwa na Wakomoro waliokuwa Tanganyika. Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Na Nzwani ilipojitenga mwaka 1997, mapatano yakafikiwa Fomboni, kisiwani Mwali, 2001 kwamba urais uzunguke visiwani. Kisha Machi 2008 askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, walishuka Nzwani kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho. Ukijitambulisha Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, kuwa umetoka Dar, kuna atakayekushukuru na kuna atakayenyamaza. Usimlazimishe anayenyamaza.

Ukitaka kuwasikia wa visiwa vyote wakizungumza kwa sauti moja, taja Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika. Komoro, mara yao ya kwanza kushiriki, waliifunga Ghana 3-2 mjini Garoua. Raundi iliyofuata, dhidi ya Kamerun wenyeji, hawakubaki na kipa wa kucheza, akasimama golini beki Chaker Alhadhur. Walifungwa 2-1, na bao lao, mpira wa adhabu wa mbali kabisa, lilipigwa na Youssouf M'Changama, mzaliwa wa Marseille. Muulize mwenyeji wako alikuwa wapi mpira ule ulipoingia, halafu umuulize M'Changama ni mtoto wa mji gani. Atajua.