Kufunga kipimajoto cha ndani na nje katika nyumba ya Mombasa

Kazi yangu ni kufunga feni na viyoyozi hapa Mombasa, na kabla mteja hajanunua chochote humwomba kwanza tupime joto la nyumba yake. Kipimajoto kisicho na waya kinafaa sana kwa kazi hiyo. Kipande chenye kioo hukaa ndani; kile kidogo, yaani kihisi, hukaa nje na kutuma vipimo kwa mawimbi ya redio. Shida ni moja: kihisi kikiwekwa pabaya, namba zake hazina maana.

Hatua ya 1: Betri

Tia kwanza za kihisi, kisha za kipande cha ndani, isipokuwa kijitabu chake kimesema vingine. Kama kihisi kina swichi ya chaneli, chagua 1 pande zote mbili. Kioo kikionyesha 86, hiyo ni Farenhaiti. Bonyeza kitufe cha C upate 30. Nunua betri za alkalini. Nyingi za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na alama ya betri kuisha huja mapema.

Hatua ya 2: Vilinganishe

Viache viwili hivyo mezani pamoja, mbali na feni na dirisha, kwa saa mbili. Vikipishana digrii moja ni kawaida. Vikipishana zaidi ya mbili, rudisha dukani.

Hatua ya 3: Mahali pa kihisi

Hapa usiwe na haraka. Vijitabu vingi vimeandikiwa watu wa Ulaya, vinakwambia utundike kihisi ukuta wa kaskazini kwa sababu kwao jua haliufikii. Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi karibu na katikati ya Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Miezi iliyobaki linahamia kaskazini, yaani upande wa kibla, maana kutoka Mombasa Makka iko karibu kaskazini kamili. Ukuta uliokuwa na kivuli Januari, Juni unapigwa jua. Wa mashariki unachomwa asubuhi, wa magharibi alasiri.

Kwa hiyo tafuta kivuli cha mwaka mzima: ndani ya baraza, chini ya ngazi ya nje, au kwenye ujia kati ya nyumba mbili unaopitisha upepo. Kitundike kama mita moja na nusu kutoka chini, kisigusane na ukuta, mbali na jiko na mgongo wa kiyoyozi unaotoa hewa moto. Chini ya mabati usithubutu. Mama mmoja wa Majengo aliniita akisema, "Fundi, hiki kimeharibika, kinasoma 43." Kilikuwa kimefungwa kwenye boriti, shubiri moja kutoka kwenye bati. Nilikihamishia ujiani, na baada ya nusu saa kikasoma 32.

Hatua ya 4: Mawimbi

Umbali wa mita ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja wazi usio na kuta. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za Mji wa Kale, hupunguza mawimbi, na mabati huyazuia kabisa. Ukiona vistari badala ya namba, sogeza kipande cha ndani karibu na dirisha kabla hujagusa kihisi. Kila miezi mitatu fungua kihisi ufute ncha za betri kwa kitambaa kikavu; hewa yetu ya chumvi huzila.

Hatua ya 5: Soma na uandike

Kwa wiki moja andika namba zote mbili saa tisa alasiri, saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri. Pima feni ikizunguka au imezimwa, ni sawa tu: feni haishushi joto la chumba, hukausha jasho mwilini. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga madirisha na pazia. Namba ya nje ikishuka chini ya ile ya ndani, fungua yote, na milango ya vyumba pia.

Kama saa mbili usiku ndani bado kunazidi nje kwa digrii nne au tano, na madirisha yako wazi, joto limenaswa kwenye dari na kuta. Nyumba ya namna hiyo mimi huanza na matundu ya hewa chini ya paa, halafu tunapima wiki nyingine kabla ya kuzungumzia kiyoyozi.