Altrasaundi ya kichocho: tazama kibofu kikijaa, tazama tena kikiwa kitupu

Huku Malindi, mtoto akija na fomu iliyoandikwa "anakojoa damu", wazo la kwanza ni kichocho. Kwa kawaida si mtoto wa ufukweni, maana konokono wa kichocho haishi kwenye maji ya chumvi. Ni yule wa bara, anayeoga na kuchota maji kwenye vidimbwi na mabwawa. Minyoo wenyewe hutawaona kwenye kioo cha mashine. Utakachoona ni kazi ya mayai yao: yananasa kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya ureta, yaani mrija unaoleta mkojo kutoka figo hadi kibofu, ukuta unavimba, mrija unabana, na mkojo unarudi nyuma kuijaza figo. Haya yote yaweza kutokea bila mtoto kulalamika ubavu hata siku moja. Kwa hiyo usiishie kwenye kibofu.

Hatua ya 1: Panga saa

Mwite kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mayai hutoka kwa wingi kwenye mkojo wa saa hizo, na mkojo wake utautaka baadaye. Mpe maji ya kunywa, asubiri mpaka ajisikie kwenda haja ndogo, ila asibanwe hadi kulia. Mimi humwambia mzazi mapema: "Mama, asiende msalani kabla sijamwita. Akienda, nitampa kikopo."

Hatua ya 2: Kibofu kilichojaa

Tumia probu (kile kishikio cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi) iliyopinda ya megahezi 3.5, au 5 kwa mtoto mwembamba. Iweke juu kidogo ya mfupa wa kinena, pita kwa wima, kisha kwa mlalo. Kibofu chenye afya, kikitazamwa kwa mlalo, kina pembe pembe kama mto wa kulalia, na ukuta wake ni mstari mwembamba wa milimita 3 hivi. Cha kichocho huviringika kama mpira na ukuta wake huwa na vinundu. Ukizidi milimita 5, andika.

Usipime ukuta wa mbele. Pale mwangwi wa ngozi na misuli hutia ukungu, na ukungu huo ukiupima utampa mtoto ugonjwa asio nao. Pima wa nyuma au wa pembeni.

Ukiona kitu kimejitokeza ndani, mgeuze mgonjwa alale ubavu huku probu ikiwa palepale. Damu iliyoganda au jiwe aghalabu huteremka upande wa chini. Kinyama kilichoota ukutani hubaki mahali pake. Kwa mtoto, vinyama hivi mara nyingi hunywea kwa dawa. Kwa mtu mzima aliyeishi na kichocho miaka mingi, uvimbe usiosogea uchukulie kuwa saratani mpaka daktari wa mkojo achungulie ndani na kuukata kipande, kwani kichocho cha mkojo kimethibitishwa kuwa chanzo cha saratani ya kibofu.

Kabla hujaondoka hapo, tazama nyuma ya kibofu. Ureta yenye afya haionekani kwa urahisi. Ukikuta bomba jeusi, washa rangi ya mashine, ile inayoonyesha damu inayotembea: likikosa rangi si mshipa wa damu, ni ureta iliyotanuka.

Hatua ya 3: Figo, mara mbili

Hapa ndipo ninapoombea subira yako. Piga figo zote mbili, pima utanuzi wa katikati, pale mkojo unapokusanyika, na unene wa nyama ya figo. Usiandike neno bado. Mpe kikopo, aende akakojoe, na mwambie matone ya mwisho ndiyo hasa tunayoyataka, kwa kuwa damu na mayai huja mwishoni. Kikopo kiende maabara. Subiri kama nusu saa, kisha rudia figo.

Kibofu kilichojaa sana kinaweza kutanua hata figo isiyo na ugonjwa wowote. Miaka yangu ya mwanzo niliandika "figo zote mbili zimeziba" kwa kijana ambaye sikumtoa mezani akojoe. Baba yake alikopa nauli, wakaenda Mombasa, kilomita zipatazo 120, na huko wakaonyeshwa figo mbili zisizo na tatizo. Tangu siku ile siandiki ripoti ya figo kabla ya kutazama mara ya pili. Juzi mtoto mwingine alikuwa na utanuzi pande zote. Alipokojoa, ya kushoto ikafunga mbele ya macho yangu, ya kulia ikabaki wazi. Huyo ndiye wa kupelekwa.

Hatua ya 4: Yanayofanana

Kwenye eksirei, chokaa ya kichocho, yaani ukuta uliogeuka mgumu na mweupe, huanza chini kwenye kibofu ikapanda. Ya kifua kikuu huanza kwenye figo ikashuka. Kibofu cha kichocho chenye chokaa huchorwa kama kichwa cha mtoto tumboni, na bado huweza kujaa na kupungua. Cha kifua kikuu husinyaa.

Na jambo jingine lisilo la kichocho: kwa mtu mzima, ukiwa juu ya figo ya kulia, tupia jicho tezi ya adrenali, tezi ndogo ya homoni iliyokaa juu ya figo, kupitia ini. Ikiwa nzima, huenda usiione kabisa. Ukikuta uvimbe, na mgonjwa ana presha inayoruka, kuumwa kichwa, jasho na moyo kwenda mbio, asichomwe sindano ya kutoa kipande kabla homoni hazijapimwa. Uvimbe wa aina hiyo ukiguswa unaweza kumwaga homoni na kumuua mtu mezani. Andika onyo hilo kwenye ripoti kwa herufi kubwa.

Hatua ya 5: Ripoti na kurudi

Andika vipimo viwili vya figo, kabla na baada ya kukojoa, pamoja na saa. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na daktari ndiye anayeitoa. Wewe mpangie tarehe ya miezi sita. Ukuta ukiwa umenywea, kibofu kinapona. Ukiwa ulivyokuwa, muulize mama anachota maji wapi, kwani pengine mtoto amerudi bwawani.