Tochi ya usiku msituni: iweke usawa wa macho, si kiunoni

Ukilala hemani kwenye msitu kama Udzungwa au Aberdare na haja ikakushika usiku, fungua zipu kiasi cha kutoa kichwa tu, shika tochi kwenye panja, kioo chake kitangulie jicho kidogo, kisha mulika polepole: chini kwanza, halafu usawa wa kiuno, mwisho matawini. Chui, fisi, paa na komba wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Tochi ikiwa kiunoni, mng'ao wa macho yao unarudi kiunoni nawe huuoni vizuri. Tochi ya kichwa inafanya kazi hiyo yenyewe, ila wengi huitundika shingoni na kuiharibia maana.

Ukiona macho mawili yametulia, usitoke wala usikimbie. Funga zipu, subiri, mulika tena. Usihangaike na rangi, hubadilika kwa pembe ya mwanga. Vinukta vidogo vya kijani chini kwenye majani mara nyingi ni buibui tu.

Mbinu hii hushindwa kwenye ukungu (mwanga unakurudia wote usoni), mnyama akikupa kisogo, na kwa wasio na utando huo: nguruwe pori, nyani, nyoka. Kwa hiyo mulika pia unapokanyaga. Tembo usimngoje kwa macho; sikiliza matawi yanayovunjika.